Pokeeni Daftari Zetu za Mvua: Barua ya Wazi kwa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa nchini Kenya,
Dagoretti Corner, Barabara ya Ngong,
Nairobi.

Nakala: Serikali ya Kaunti ya Kajiado.

KUH: MVUA YA KITENGELA NA KAJIADO IPIMWE KITENGELA NA KAJIADO

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo wapimaji wako husoma vipima mvua kote nchini, kuna watu Kitengela, Isinya, Kajiado mjini na Ilbisil wanaotoka nje kusoma vyao. Hawakutumwa na mtu. Mwingine ana kipima mvua cha plastiki alichokifunga kwenye nguzo ya ua. Mwingine ana chupa ya lita mbili iliyokatwa shingo ikageuzwa faneli, na rula ya mtoto wa shule. Wanaandika tarehe, milimita, kisha maneno machache: radi upande wa Lukenya saa kumi, mvua ya mawe, ya muda mfupi, upepo na vumbi, hakuna tone. Mimi ni mmoja wao. Ombi letu kwako ni kwamba Idara iyapokee maandishi haya, iyasahihishe panapohitaji kusahihishwa, na iyatumie.

Sababu ya kwanza ni umbo la kaunti yenyewe. Katika taarifa zenu, Kajiado imewekwa kwenye nyanda za chini za kusini-mashariki, pamoja na Machakos, Kitui, Makueni, Taita Taveta na sehemu za bara za Tana River. Naelewa kwamba ramani ni lazima igawanywe mahali fulani. Lakini Kajiado peke yake ina karibu kilomita za mraba 21,900. Ziwa Magadi liko kwenye mwinuko wa mita kama 600 kutoka usawa wa bahari, Kitengela imepita mita 1,500, na kilele cha Ngong kinakaribia mita 2,460. Bonde la Amboseli hupata kama milimita 300 za mvua kwa mwaka, huku Ngong na miteremko ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok ikifika 1,250. Hata tukiacha huko kote tukabaki kwenye tambarare za Kitengela tu, mvua ya mwaka hushuka kutoka milimita 800 hivi upande wa kaskazini-magharibi hadi chini ya 500 upande wa kusini-mashariki. Redio inaposema kwamba nyanda za chini za kusini-mashariki zitapata mvua na ngurumo za radi katika maeneo machache, mfugaji wa Ilbisil, mfuga kuku wa Kitengela na mfanyakazi wa Magadi wanapewa neno moja wote watatu. Kila mmoja anabaki kukisia kama eneo lake limo katika hayo machache.

Na mvua ya radi ya huku haikisiki kirahisi. Hujengeka mchana. Jua la Februari na Machi likishapasha tambarare, hewa iliyo karibu na ardhi hupanda. Ikiwa imebeba unyevu wa kutosha kutoka Bahari ya Hindi, kufikia saa nane mawingu huanza kusimama wima juu ya vilima vya Mua na Lukenya upande wa mashariki, au juu ya Ngong upande wa magharibi. Ukiwa kando ya barabara ya Namanga unaweza kuyaona yakikua, mpaka kichwa cha wingu kinapofika kwenye hewa tulivu ya juu kabisa kikashindwa kupanda tena, kikatandaa na kuwa bapa. Kisha huja upepo wa baridi wa ghafla, vumbi, na mabati yanaanza kulia. Kitakachofuata hapo hakuna awezaye kukiapia. Kuna siku mvua hukaukia angani: unaiona michirizi ikining'inia chini ya wingu na ardhini ni vumbi tupu, kwa sababu hewa ya chini ni kavu mno na matone huisha kabla ya kufika. Kuna siku mtaa mmoja hupigwa hadi mitaro ikafurika, na ng'ambo ya barabara nguo zikaendelea kukauka kambani. Dhoruba moja ya namna hii huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na uhai wake mara nyingi haufiki hata saa moja. Kipima mvua cha Dagoretti, cha uwanja wa ndege wa Wilson au cha ule wa Jomo Kenyatta hakiwezi kuijua, hata kama kimetunzwa vizuri namna gani.

Setilaiti nazo zina mipaka yake, na nyinyi mnaijua kuliko sisi. Meteosat huangalia juu ya wingu, haioni chini yake. Hukadiria mvua kutokana na ubaridi wa kilele: kadiri kilele kilivyo baridi, ndivyo mvua inavyodhaniwa kuwa kubwa. Ule utando bapa wa wingu ukisukumwa na upepo wa juu hadi juu ya Isinya, makadirio huweza kuipa Isinya mvua ambayo Isinya haikuiona. Wingu fupi, lenye kilele cha joto, lililokwama juu ya vilima vya Ngong huweza kumwaga maji mengi na likahesabiwa kama si kitu. Dawa ya makosa haya ni ile ile tangu zamani, yaani mtu ardhini mwenye chombo na kalamu. Makadirio ya setilaiti husahihishwa kwa vipimo vya ardhini, na penye vipimo vichache masahihisho nayo huwa hafifu.

Ningependa ujue namna tunavyofanya kazi, ili usidhani ni mchezo. Wengi wetu tulianza kwa kufuatilia unyevu wa hewa. Asilimia ya unyevu hupotosha anayeanza, kwa kuwa alfajiri ya Februari huweza kuwa kubwa sana na mchana ikaporomoka, na hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni joto. Kwa hiyo tunafuata kiwango cha umande, yaani nyuzi joto ambazo hewa ikipozwa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka maji. Ripoti wanazosomewa marubani kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hutaja kiwango hicho mchana na usiku. Ni kazi ya Idara yako, na tunaishukuru. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari mara nyingi huwa nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi. Kikipanda hadi 15 au 16 na kikabaki hapo hata jua linapowaka, na upepo ukawa umeanza kuhama, usitoke tena kaskazini-mashariki bali kusini-mashariki, tunajua kwamba masika yako karibu. Mwenye mahindi huharakisha kutifua shamba. Mwenye nyanya ndani ya kitalu cha nailoni hufungua pande zote hewa ipite, maana unyevu wa namna hiyo ndio huleta ukungu wa majani. Fundi huahirisha kumwaga zege.

Wazee wa Kimaasai wa tambarare hizi za Kaputiei wana elimu yao ya jambo hilo hilo, tena ya zamani kuliko yetu. Hutazama Kilimia, kundi la nyota ambalo wao huliita Inkokua, kinavyozama magharibi jioni katika miezi ya mvua ndefu. Usiku hutazama umeme kwenye upeo wa macho, wakajua ni upande gani nyasi zitaota, na vijana hutumwa kwenda kuhakikisha kabla ng'ombe hawajahamishwa. Kufuatilia radi hakukuanza na simu. Katika nchi hii kumekuwa sehemu ya ufugaji siku zote.

Tofauti ni kwamba zamani mfugaji aliweza kuifuata mvua alikoiona. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mtu akapata hati yake, hati zikauzwa, ploti zikakatwa, nyua zikajengwa. Leo mwenye ekari zake ishirini hana pa kuhamia mvua ikinyesha kilomita kumi kutoka kwake. Hapo ndipo taarifa ya jumla inapogeuka hasara. Mtu aliyefungiwa mahali pamoja anahitaji kujua mvua ya mahali pale pamoja: imenyesha kiasi gani msimu huu, ikilinganishwa na misimu iliyopita, na kama auze madume mawili sasa yakiwa na nyama au angoje. Bei ya ng'ombe huanguka pale kila mtu anapouza kwa pamoja. Anayejua wiki tatu mapema huokoa mifugo na karo ya watoto.

Tuliyaona hayo kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo. Mizoga ilikuwa wazi kwa yeyote aliyesafiri kusini. Novemba 2022 Wizara ya Utalii ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba mwaka huo ukame uliua tembo 205, nyumbu 512 na punda milia wa kawaida 381 nchini, na Amboseli, iliyo katika kaunti yetu, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Hata katika miaka ile mibaya, radi chache za peke yake zilipita na kuacha majani mahali pembamba. Mahali hapo pangeweza kuandikwa na kutangazwa.

Kisha yakaja maji. Septemba 2023 wananchi waliambiwa kwamba El Niño inakuja. Oktoba wakaambiwa na serikali kwamba haitakuja tena. Novemba mafuriko yakawa yanabeba madaraja. Sitaki kurudia mabishano ya wakati ule. Nasema tu kwamba yaliwafundisha watu wengi kupuuza, na kupuuza huko kulikuwepo bado Aprili 2024, mto ulipovunja kingo Kitengela, maji yakaingia mitaani, na Msalaba Mwekundu wakaja kuwatoa watu walionaswa majumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 29 mwezi huo makumi ya watu walikufa kwa mafuriko Mai Mahiu. Nchi nzima ilipoteza zaidi ya watu 200 katika msimu huo. Idara yako ilikuwa imetoa tahadhari za mvua kubwa, na mvua kubwa ikaja. Hilo nataka lisemwe hadharani, kwa kuwa Idara hulaumiwa hata pale iliposema kweli.

Lakini tahadhari iliyotaja kaunti kwa kaunti haikuweza kumwambia mpangaji wa chumba kimoja karibu na mto kile alichohitaji kujua, nacho ni kiasi cha maji yaliyokwisha kuanguka kwenye tambarare zinazomwaga mtoni. Nitaeleza kidogo, maana hapa ndipo daftari zetu zina thamani kubwa. Udongo mweusi wa Kitengela, ule mafundi wanaouita blaki kotoni, ukiwa mkavu huwa na nyufa za kupitisha mkono. Mvua za kwanza humezwa na nyufa hizo. Udongo ukishashiba huvimba, nyufa hufunga, na maji yanayofuata hayana pa kuingia, huteleza yote juu kuelekea bondeni. Milimita 30 za katikati ya Machi hazimsumbui mtu. Milimita 30 hizo hizo mwisho wa Aprili, juu ya udongo ulioshiba, hubeba magari. Kwa hiyo swali la mafuriko huku haliulizwi kwa mvua ya leo peke yake. Linaulizwa kwa mvua ya wiki nne zilizopita, mahali kwa mahali, juu ya mto na chini ya mto. Daftari kumi zilizotawanyika kati ya Kiserian, Isinya na Kitengela, zikisomwa pamoja kila asubuhi, zingeweza kutoa jibu la kwanza.

Kuna pia mambo madogo ambayo kwa mwenye nyumba si madogo. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mabati la mita za mraba 100 likipata milimita 20 huteremsha lita 2,000, ukitoa zile zinazoruka na kumwagika. Visima vingi vya Kajiado vina chumvi, na vingine vina floridi inayoharibu meno ya watoto, na wenye maboza ya maji huuza kwa bei wanayotaka kiangazi kikikaza. Mtu anayejua mvua ya kawaida ya mtaa wake hujua ukubwa wa tangi la kununua. Asiyejua hununua kubwa likakaa tupu, au dogo likafurika Aprili na kukauka Juni.

Radi nayo huua. Tambarare zetu hazina miti mingi, na mchungaji akipatwa na mvua hukimbilia ule mgunga mmoja uliosimama peke yake, mahali pabaya kuliko pote. Watoto hutoka shule saa ile ile mawingu yanapokomaa. Tungependa kila mwalimu wa zamu ajue kuhesabu: sekunde kati ya mwako na ngurumo, zigawanywe kwa tatu, ndizo kilomita za umbali. Zikipungua sekunde 30 watoto waingie darasani, na wakae humo hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Setilaiti ya kizazi kipya ya Meteosat, iliyorushwa Desemba 2022, ina chombo cha kuona miako ya radi, na Afrika imo katika eneo inaloliangalia. Taarifa hiyo ikifika Dagoretti Corner tunaomba ifike na shule za Kajiado.

Ombi letu si jipya kwenu. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Waingereza iliyoanzishwa 1929 isingekuwa na rekodi ndefu za mvua bila watu wa kujitolea: stesheni za reli, misheni, shule, mashamba, ofisi za wilaya. Kajiado mjini penyewe pamepitiwa na reli ya Konza kwenda Magadi zaidi ya miaka mia moja sasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na idara yake, na tangu miongo hiyo vituo vya mvua vimepungua sana nchini. Wapimaji walizeeka, mashamba yaliuzwa, shule zilipoteza vyombo, na hakuna aliyeandikishwa badala yao. Kwa hiyo tunaomba mlango uliokuwepo ufunguliwe tena, safari hii kwa wenyeji.

Tena nyinyi mmeshaonyesha kwamba mnaweza kuketi na watu wasio na vyeti. Kuanzia 2008 Idara ilifanya kazi na wazee wa ukoo wa Nganyi kule Vihiga, wanaosoma miti, ndege na wadudu kabla ya msimu. Wanasayansi na wazee waliketi pamoja, wakalinganisha walichokiona, wakatoa utabiri mmoja ambao watu wa huko Bunyore waliuamini kwa sababu sauti ya wazee wao ilikuwamo. Ikiwa wazee wa Nganyi walisikilizwa juu ya mvua ambayo haijanyesha, sisi tunaomba tusikilizwe juu ya ile iliyokwisha kunyesha. Hilo ni ombi jepesi zaidi.

Wenzetu wa mbali walijifunza kwa msiba. Tarehe 28 Julai 1997, katika mji wa Fort Collins jimboni Colorado, Marekani, dhoruba moja ilisimama juu ya upande mmoja wa mji ikamwaga zaidi ya milimita 250 kwa saa chache. Sehemu nyingine za mji huo huo zilipata kidogo tu. Watu watano walikufa. Mwaka uliofuata Nolan Doesken na wenzake wa chuo kikuu cha jimbo hilo waliwaomba wananchi waweke vipima mvua vya aina moja nyumbani kwao na kutuma vipimo kila asubuhi. Mtandao huo, CoCoRaHS, sasa umeenea Marekani yote na kuvuka hadi Kanada, na idara ya hali ya hewa ya Marekani hutumia vipimo vyake kila siku. Hawakuanza na mashine za bei kubwa. Walianza na chombo cha plastiki, mafunzo mafupi, na watu waliojali.

Najua pingamizi litakalotolewa ofisini mwenu, na ni la haki. Mtu wa kawaida ataweka chombo chini ya mwembe. Mtoto atamwagia maji. Mwenye chombo atasafiri siku tatu, arudi asome zote kwa pamoja kama mvua ya siku moja. Na kosa kubwa kuliko yote: siku isiyo na mvua hataandika kitu, ilhali sifuri ni kipimo kamili. Ukurasa mtupu hausemi kama hakukunyesha au hakukupimwa. Makosa haya yote yanatibika. Yanatibiwa kwa mafunzo ya siku moja, kwa chombo cha kiwango kimoja, kwa afisa wenu wa kaunti kupita mara moja kwa msimu kukagua mahali kilipowekwa, na kwa kulinganisha majirani. Wapimaji wanne wakisema 20 na wa tano akasema 200, anayestahili kupigiwa simu anajulikana. Vipimo vikiwekwa alama kwamba ni vya kujitolea, mtaalamu ataamua mwenyewe avipe uzito gani.

Lipo na lingine mnaloliogopa, kwamba tutageuka watabiri. Kila msimu video za vimbunga vya nchi nyingine husambazwa kwenye simu zikidaiwa kuwa za Athi River, na watu hutishika bure. Sisi tunalichukia jambo hilo kama nyinyi, na tunaahidi hivi: tahadhari ni yenu. Kazi yetu ni kusema kilichoanguka, wapi, saa ngapi. Ukituandikisha, utakuwa na watu kila mtaa ambao wanaweza kuthibitisha au kukanusha uvumi ndani ya dakika tano, na wanaoaminiwa na majirani zao.

Wala hatudai mamilioni, kwa kuwa msaada mwingi uko karibu tayari. Kituo cha IGAD cha utabiri wa tabianchi, ICPAC, kinachohudumia nchi 11 za kanda hii, kiko Kibiko karibu na Ngong, ndani ya Kajiado. Mradi wa TAHMO, wenye ofisi Nairobi, umekuwa ukiweka vituo vidogo vya kujiendesha katika shule za Afrika, zikiwemo nyingi za Kenya. Watoto wetu hufundishwa vyombo vya hali ya hewa darasani, wakichora kipima mvua ambacho hawajawahi kukishika. Kitengela ilihesabiwa kuwa na watu 154,436 katika sensa ya 2019, na kila anayeishi huku anajua kwamba mji haujaacha kukua tangu siku ile. Mji wa ukubwa huo unastahili jina lake katika orodha ya mvua ya kila siku.

Tunachoomba basi ni kwamba wapimaji wa kujitolea wa Kajiado waandikishwe rasmi, kila mmoja apewe namba ya kituo, kupitia ofisi yenu ya kaunti. Serikali ya Kaunti inunue vipima mvua vya kawaida kwa shule za msingi, ikianza na zilizo kando ya mito ya Kitengela na Isinya. Utabiri wa Kajiado uache kutolewa kwa pumzi moja. Hata kuigawa mara nne tu kungetosha kwa kuanzia: Ngong na Rongai, tambarare za Kitengela na Isinya, Magadi na bondeni, Amboseli na Loitokitok. Mvua iliyopimwa jana itangazwe leo, bure, kwa majina ya mahali, kwa kuwa ada ya takwimu humzuia hata mwalimu anayetaka kufundishia mvua ya mtaa wake. Na tahadhari zije kwa Kiswahili na Kimaasai, kwa ujumbe mfupi unaofika kwenye simu ndogo ya mchungaji, si picha inayohitaji bando.

Kati ya haya, kama utaweza moja tu mwaka huu, chagua namba za vituo. Mengine yatafuata, kwa sababu mtu aliyeandikishwa hana sababu ya kuacha, na mwanawe atakirithi kituo. Rekodi ya mvua haina faida kubwa mwaka wa kwanza. Ikifika miaka kumi huanza kusema, na ikifika thelathini ndipo wataalamu huweza kuita jambo la kawaida kuwa la kawaida. Kila msimu unaopita bila kuandikwa hauwezi kupimwa tena.

Vuli huanza Oktoba. Tunaomba mkutano wa kwanza ufanyike Kitengela mwezi Septemba, siku yoyote utakayochagua, mbele ya afisa wenu wa kaunti. Tutakuja na daftari zote tulizonazo, na mtaruhusiwa kuzinakili bila malipo.

Wako mwaminifu,

Mpimaji mvua wa kujitolea,
Kitengela, Kajiado Mashariki.